Jinsi Papa Polycarpe Alivyoangusha Kigingi Kimoja

Haya, nyamazeni! Enyi mnaopanda vilima vya Kadutu na mizigo kichwani, enyi mnaovishuka kwa makalio wakati wa mvua, enyi wenye pikipiki mnaopiga honi hata njia ikiwa tupu, simameni kidogo, zimeni injini, tueni vikapu. Nina habari kubwa. Wengine wamesimuliwa habari za majemadari waliovuka mito na kuteka miji. Mimi nitawasimulia habari ya fundi cherehani mmoja mwenye goti bovu, aliyesimama mbele ya vigingi kumi vya mbao, akaangusha kimoja, na kwa kimoja hicho akageuza historia ya ukoo mzima. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana baadaye nitamhitaji awe makini.

Nawe chaki, ewe fimbo nyeupe ya hesabu, uliyevunjika-vunjika siku ile mkononi mwa Didier na bado ukaendelea kuandika, nijalie nisikosee jumla. Nikikosea jumla nimekwisha, kwa kuwa wahusika wote wangali hai na wote wanajua nyumbani kwangu.

Chanzo cha vita kilikuwa mtoto mchanga. Carine, binti wa Polycarpe, alikuwa amemzalia mumewe Didier mtoto wa kike, mwenye afya, mwenye mapafu, mwenye kila kitu isipokuwa jina. Mwezi wa pili ulikuwa unatimia na kiumbe yule alikuwa bado anaitwa Bebe, jina ambalo pale mtaani linaitikiwa na watoto kumi na mbwa mmoja. Sababu ilikuwa ni babu zake wawili, ambao kila mmoja alikuwa na jina lake mfukoni na hakuna aliyekubali kulirudisha.

Upande wa baba alisimama Papa Modeste, Jabali la Maharagwe, Bwana wa Magunia, ambaye kopo lake la kupimia pale soko la Kadutu hujaa hadi ukingoni na halivuki ukingo hata kwa punje moja. Wanawake wa soko wanamjua. Kwa Modeste unapata ulichonunua, na ukithubutu kuomba nyongeza, lile konzi dogo ambalo kila muuzaji mwenye adabu huongeza juu ya kipimo, anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Mtu huyo alitaka mjukuu wake aitwe Modestine. Aliona ni jina zuri, na alipoulizwa amelitoa wapi alisema limemjia tu.

Upande wa mama alisimama Papa Polycarpe, Simba wa Cherehani, Mkata Suruali, mwenye sauti ya besi inayotikisa vioo vya kanisa na goti la kulia linalotabiri mvua kuliko redio. Yeye alitaka mtoto aitwe Georgette.

Hapa nitaacha utani kwa muda wa pumzi mbili. Georgette alikuwa mke wake. Aliuza sambaza sokoni, dagaa wa ziwa letu, akipima kwa kikombe kisha akiongeza kwa mkono, na mkono wake ulikuwa mkubwa. Alifariki mwaka juzi. Tangu siku ya mazishi, jina lile halikuwa limeitwa tena nyumbani mwa Polycarpe, mahali ambapo zamani liliitwa asubuhi hadi jioni: Georgette, mkasi wangu uko wapi, Georgette, nani amekalia sindano. Sasa mikasi inapotea na hakuna wa kuulizwa. Mzee alitaka apate tena sababu ya kuliita jina hilo kwa sauti kubwa bila watu kudhani amerukwa na akili. Ni hilo tu alilotaka, na lilikuwa linamuuma.

Walijaribu amani. Baraza la familia lilikaa, likala, likatawanyika. Paroko akaombwa ushauri, akasema anahitaji jina kabla ya Jumapili ya ubatizo na kwamba yeye mwenyewe hana upande. Wakacheza karata kuamua, na mchezo ukaishia kwa kila mzee kutazama ndani ya mikono ya shati la mwenzake. Ndipo Carine, aliyekuwa hajalala vizuri tangu ajifungue, aliposimama mlangoni na mtoto begani, akatoa amri ambayo wafalme wengi hawajawahi kuitoa.

“Bapapa, munisikilize,” alisema. “Miye njo nilizala, si nyinyi. Mutoto iko na miezi mbili, bado anaitwa Bebe. Sasa mutacheza ile kitu ya Didier, ju kati yenu hakuna mwenye anaijua. Mwenye atashinda, ataita mutoto. Mwenye atashindwa, atafunga kinywa mpaka mutoto aolewe.”

“Na tukilingana?” aliuliza Modeste, ambaye hakuwa mtu wa kuingia kwenye biashara bila kuipima.

“Mukilingana, mutoto ni wa upande wa baba, njo desturi. Utamuita weye.”

Modeste akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu yeyote.

Ile kitu ya Didier ilikuwa boulingi. Didier ni seremala. Alikuwa ameitwa kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa kubadilisha mbao za njia ya mchezo huo, na wenyewe, walipoagiza vifaa vipya, wakamwachia vile vikuukuu: vigingi kumi vilivyobanduka rangi, vyenye shingo nyembamba na kitako kipana, na mpira mmoja mzito kama mtoto wa mwaka, wenye matundu matatu ya vidole. Akatandika mbao zake mbele ya karakana, akaweka magunia ya vumbi la mbao nyuma ya vigingi ili kuukinga mpira, na kwa ubao wa hesabu akachukua mlango mweusi ambao mwenyewe alikuwa hajaja kuuchukua. Kasoro ilikuwa moja. Karakana iko Kadutu, na Kadutu haina mahali palipo sawa. Njia ile iliinama kidogo upande wa kushoto, na upande wa kushoto kulikuwa na lango, na baada ya lango kulikuwa na njia ya miguu iendayo chini, chini, hadi sokoni.

Jumamosi alasiri watu wakajaa. Walikuja wanakwaya, walikuja wauza mkaa, walikuja wanawake wa soko waliofunga meza zao mapema, na wengi wao, nalisema bila woga, walikuja kwa matumaini ya kumwona Modeste akishindwa kitu chochote. Mama Marcelline, mke wa Modeste, alikabidhiwa kazi ya kusimamisha vigingi. Yeye ni mwanamke wa malezi mema ambaye hawezi kuona kitu kimeanguka bila kukihurumia, hivyo kila alipoinua kigingi alikiambia pole, na siku ile alisema pole nyingi mno.

Didier akasimama kwenye mlango wake, chaki mkononi, akatangaza sheria. “Kila mutu ana duru dix, kumi kamili. Kila duru, mipira mbili. Vile unaangusha, njo vile naandika. Lakini ukiangusha yote dix na mupira ya kwanza, ile wanaita straiki. Pale siandike kitu. Naacha kisanduku wazi, nangojea mipira mbili yenye inafuata, kisha naziongeza juu ya dix. Na ukiangusha yote dix na mipira mbili, ile ni speya. Nangojea mupira moja, naongeza. Mumesikia?”

“Tumesikia,” walisema wazee wote wawili, kwa sauti ile ile wanayotumia kumwitikia daktari.

Kisha mashujaa wakajivika. Modeste akavua koti, akalikabidhi kwa mkewe kama bendera, akabaki na kofia yake ya sokoni iliyokwisha kuona magunia elfu. Polycarpe akavua viatu ili mguu wake uishike ardhi, na umati wote ukaona kwamba soksi ya fundi cherehani bora kuliko wote mtaani ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Akaiacha futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Alisema bila hiyo anajisikia uchi.

Modeste akaanza, na alianza kwa ubaridi wa mtu anayehesabu mali. Mpira ukaenda, vigingi sita vikalala. Ukaenda tena, viwili vikawafuata wenzao. Didier akaandika nane. Makofi yakasikika, machache, mengi yakiwa ya Modeste mwenyewe.

Akaja Polycarpe. Akaunyanyua mpira hadi kidevuni, akavuta pumzi ya kwaya nzima, akaliinamisha lile goti lake, akautupa. Nini kilitokea? Msiniulize, nitasema. Mpira ulikwenda kwa heshima hadi katikati ya njia, ukaona mteremko, ukakumbuka dunia ilivyo pana, ukageuka kushoto, ukatoka langoni. Tukausikia ukishuka. Tukasikia kuku, tukasikia sufuria, tukasikia mwanamke mmoja akimwita Yesu na mwingine akimwita mume wake. Uliishia kwenye gunia la mkaa karibu kabisa na soko, ukarudi juu kwa pikipiki, umekaa nyuma ya dereva na kufungwa kamba ya mpira kama abiria mwenye mashaka. Kwa mpira wa pili Polycarpe aliangusha kigingi kimoja. Didier akaandika moja, akaliziba lango kwa meza.

“Bokilo,” alisema Modeste, akitumia neno letu la kumwita mkwe, kwa upole wenye sumu, “ile mupira yako ilikuwa inaenda kununua nini?”

“Ilikuwa inaenda kununua maharagwe kwako,” alijibu Polycarpe. “Ikakumbuka hauongezake, ikarudia.”

Wanawake wa soko wakapiga vigelegele, na Modeste akaangalia mawingu.

Vita vikaendelea. Polycarpe akaupata mkono wake, akawa anavuna nane, tisa, tisa, kila mara akiacha kigingi kimoja au viwili vimesimama kama mashahidi. Lakini katika duru ya nne, Jabali la Maharagwe liliachia mpira uliokwenda moja kwa moja, ukampiga kiongozi wa vigingi kifuani, na wote kumi wakaanguka kwa kishindo kilichoamsha watoto wa nyumba za jirani. Straiki! Modeste akainua mikono yote miwili na kuzunguka kama mtu aliyechaguliwa kuwa gavana. Kisha akageukia mlango mweusi kuona utukufu wake, na kisanduku kilikuwa kitupu.

“Didier! Kumi yangu iko wapi?”

“Papa, inangojea. Tupa mipira mbili.”

“Nimeangusha yote, unaniandikia bure? Mwenye aliangusha moja umemuandikia moja, miye mwenye kumi sina kitu?”

“Tupa, papa.”

Polycarpe alipomaliza zamu yake, Modeste alitupa kwa hasira. Saba. Akatupa tena. Viwili. Hapo Didier akarudi kwenye kisanduku kilichokuwa wazi, akachukua kumi, akaongeza saba, akaongeza viwili, akaandika kumi na tisa kwa duru ya nne. Kisha akahamia kisanduku cha tano, akaandika tisa, za vile vile saba na viwili. Modeste akaitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Kama kuna mtu Kadutu anayejua kitu kikihesabiwa mara mbili, ni yeye. Akalamba midomo, akasema kwa sauti ya chini, “Hesabu nzuri.”

Nawaomba mliweke neno hilo mahali salama. Tutalihitaji.

Duru ya saba akapata speya, nane kisha viwili, na mpira uliofuata ulipoangusha vitano, Didier akaandika kumi na tano kwa ile ya saba, na vile vitano akaviingiza tena kwenye ya nane pamoja na wenzao wanne. Modeste akasema, “Hesabu nzuri kabisa.” Baada ya duru saba yeye alikuwa na sabini na sita, na Polycarpe alikuwa na hamsini na nne. Wanakwaya walianza kuangalia saa. Carine, aliyeketi kwenye kisiki cha mti akinyonyesha, alimtazama baba yake, na Polycarpe akayaona macho yale.

Basi duru ya nane Mkata Suruali alifanya jambo ambalo bado linazungumzwa. Alilifunga goti lake kwa futi ya kupimia, sentimita zikiwa nje, akauachia mpira bila kuvuta pumzi yoyote ya kwaya, na mpira, labda kwa kuwa lango lilikuwa limezibwa na haukuwa na pa kwenda, ulinyooka. Vyote kumi vikalala chini. Mama Marcelline alisema pole kumi kwa furaha isiyostahili mke wa adui. Na duru ya tisa, kwa mpira wa kwanza, saba. Kwa wa pili, vitatu vilivyobaki. Speya juu ya straiki!

Didier akafuata sheria. Kumi za nane, ongeza saba, ongeza tatu: akaandika ishirini, jumla sabini na nne. Kisanduku cha tisa akakiacha wazi, kikisubiri kumi zake na mpira mmoja zaidi. Modeste alikuwa na tisini na tatu. Alifanya hesabu kichwani, haraka, kama anavyojua, akaona hatari inakuja kwa mbali, na ndipo akazaliwa ndani yake upendo wa ghafla kwa haki.

“Simameni!” alinguruma. “Simameni, batu ya Mungu! Hii ni wizi! Ile saba na ile tatu ni ya duru ya tisa. Umezitia mu duru ya nane, na sasa unataka kuzitia tena mu ya tisa? Gunia moja unaiuza kwa batu wawili? Miye niko mu biashara tangu mbele weye uzaliwe. Ukiongezea mutu konzi moja leo, ile konzi imetoka mu gunia. Kesho gunia imepunguka. Donc, basi, ukimupa nyongeza mu duru ya nane, uikate mu duru ya tisa! Njo hesabu ya batu bazima!”

Nami nakiri kwamba watu walitikisika. Lilikuwa neno zito. Hapa kwetu kila mtu amewahi kununua kitu kwa kipimo, na kila mtu anajua kwamba konzi la nyongeza halitoki mbinguni. Wauza mkaa wakaanza kunong'ona kwamba mzee ana haki. Hata Didier aliishusha chaki yake, akamtazama baba yake, akamtazama baba mkwe wake, akawa kama mtu aliyeketi kati ya viti viwili na vyote vinavutwa.

Ndipo Papa Polycarpe alipojongea, mguu mmoja na soksi iliyotoboka, mwingine na goti lililofungwa futi, akaitoa ile besi yake.

“Bokilo Modeste. Umesema mambo ya soko, na miye nitasema mambo ya soko. Mu hii soko yetu kulikuwa mama moja alikuwaka anauzisha sambaza. Munamujua.” Hakulitaja jina. “Alikuwaka anapima kikombe, anaijaza, kisha anatia mukono mu beseni, anaongeza. Sasa nauliza hawa bamaman bote. Kesho yake, ukirudia kununua kikombe ingine, alikuwaka anakata ile ya jana?”

“Hapana!” walipiga kelele wanawake wa soko.

“Alikuwaka anasema, leteni, ile ilikuwa ya leo?”

“Hapana! Alikuwaka anaongeza tena!”

“Basi ile kikombe ya kesho ilikuwa yenye kujaa?”

“Yenye kujaa!”

“Donc nyongeza ni nyongeza,” alisema Polycarpe. “Haikatwe. Ukiikata, ile haiko tena nyongeza, ile ni deni.”

Modeste alifungua kinywa. Lakini kutoka nyuma ya vigingi, Mama Marcelline akanyanyuka, akiwa amekumbatia kigingi kimoja kama mwana.

“Modeste, wacha,” alisema. “Weye ulikulaka ile sambaza. Nikirudia ku soko ulikuwaka unaniuliza, Georgette ameongeza? Mbele hata ya kunawa mikono.”

Kicheko kikazuka, na juu ya kicheko Didier akapata ujasiri. Akagonga mlango wake kwa chaki, kwenye duru ya nne, kwenye kumi na tisa. “Na papa, hii dix-neuf yako? Ile saba na ile mbili niliziandika mara mbili. Na ile cinq, ile tano ya duru ya nane, vilevile. Ulisema nini?”

Umati ukajibu kwa sauti moja, wauza mkaa wakiwemo: “Hesabu nzuri!”

Jabali la Maharagwe likasimama pale, kofia mkononi. Angeweza kuomba zile zake zilizohesabiwa mara mbili zikatwe pia, lakini kukata kwake kulikuwa na mipaka. “Bon,” alisema mwishowe. “Andika.”

Ikaja duru ya kumi. Modeste akaangusha sita, kisha vitatu, akafunga kwa mia moja na mbili, akaenda kukaa. Polycarpe akauchukua mpira. Wa kwanza: vinane! Didier akavikimbiza kwenye kisanduku kilichokuwa kikisubiri, kumi na nane kwa duru ya tisa, jumla tisini na mbili. Vigingi viwili vilibaki vimesimama ubavu kwa ubavu. Wa pili: ukapita katikati yao kwa kuchechemea, ukagusa huyu, huyu akamgusa yule, vyote viwili chini. Kumi nyingine.

Tisini na mbili na kumi. Mia moja na mbili.

“Tumelingana!” alinguruma Modeste, akiruka kutoka kwenye benchi kwa wepesi ambao magunia hayajawahi kuuona. “Tumelingana, upande wa baba! Muleteni mutoto! Modestine, kuya kwa tate, kwa babu yako!” Alikwisha kunyoosha mikono. Carine akamfunika mtoto kwa kitenge na kugeuza uso. Polycarpe aliketi palepale juu ya mbao, taratibu, kwa sababu ya goti, na akaonekana mzee sana.

“Bado,” alisema Didier.

“Bado nini?”

“Ile ilikuwa speya, papa. Speya inangojea mupira moja. Mu duru zingine, mupira inatoka mu duru yenye inafuata. Hapa hakuna yenye inafuata. Donc wanamupa mupira moja juu.”

“Ya nini?”

Didier alifikiri neno la kutumia, na neno lilikuwa moja tu. “Ya nyongeza.”

Modeste akawaangalia wanawake wa soko. Wanawake wa soko wakamwangalia Modeste. Akashusha mikono.

Sasa, enyi majemadari mliolala, amkeni mtazame. Mama Marcelline alisimamisha vigingi vyote kumi. Wanakwaya wakaacha saa zao. Mzee akainuliwa na watu wawili, akapewa mpira, na ilionekana wazi kwamba mkono wake umekwisha. Hakuhitaji vingi. Akausogeza mpira mdomoni, na mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: “Georgette, ongeza kidogo.”

Akauachia. Sijawahi kuona mpira wenye uvivu kama ule. Ulitambaa, ukainamia kushoto, ukasita, ukainama zaidi, ukamkwepa kiongozi wa vigingi, ukawakwepa maofisa wake, na ulipokuwa unakwisha njia kabisa, ukasugua kiuno cha kile cha pembeni, cha mwisho, ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikitazama. Kigingi kikatikisika. Kikaegemea huku, kikafikiri, kikaegemea kule. Mama Marcelline alikitazama huku amejishika mikono isimsaliti kwa kukishika. Nasi sote tulikitazama, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, hadi kikachoka na kulala.

Mia moja na tatu.

Kilichofuata kilikuwa kelele. Polycarpe alibebwa, akateremshwa kwa sababu ya goti, akabebwa tena. Chaki ikaisha. Modeste alibaki mbele ya ule mlango, akajumlisha kutoka juu, akajumlisha kutoka chini, na ilipokubali kote kuwili akavaa kofia yake na kumwendea mshindi.

“Bokilo,” alisema. “Jina ni lako. Lakini ju leo tumesema sana nyongeza. Jina mbili, haiwezekane? Moja ya kipimo, na ile ingine nyongeza.”

Polycarpe akamtazama. Tangu waozeshane watoto wao, mtu huyo hakuwahi kuomba kitu asichokilipia. “Haikatazwe,” alijibu.

Akampokea mtoto kutoka kwa Carine, akamweka kwenye mkono ule ule ulioangusha kigingi, akafungua kinywa, na besi ya kwaya ikakataa kutoka. Akajaribu tena. “Georgette,” alisema. Kisha kwa sauti kubwa, kama zamani kutoka chumba cha kushonea: “Georgette! Mukasi yangu iko wapi?” Alikuwa analia waziwazi, na Carine pia, na hakuna aliyewacheka. Mtoto akalisikiliza jina lake kwa makini, akalipima, kisha akamkojolea babu yake futi, shati na suruali.

“Ile njo nyongeza,” alisema Modeste. “Ile ni Modestine.”

Yakaandikwa hivyo parokiani siku iliyofuata: Georgette Modestine, na mlango mweusi wenye hesabu ungali umeegemea ukuta wa karakana, maana mwenyewe alipokuja kuuchukua, mtaa mzima ulimkatalia. Iwekwe basi kwenye kumbukumbu za Kadutu, juu ya mafuriko yote na chaguzi zote, kwamba siku hiyo kigingi kimoja kilianguka na mtu mmoja akapata wa kumwita.

Lakini historia haikuishia kwenye boulingi. Jumatatu asubuhi nilikuwa sokoni. Mwanamke mmoja alikuwa ananunua maharagwe kwa Modeste, na kopo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, sawasawa, kama siku zote. Akauliza tu, kwa heshima, kama watu wanavyouliza, “Papa, ile mutoto ya kwenu anaitwa nani sasa?”

“Georgette,” alisema Modeste.

Na mkono wake, kabla hajauwahi, ukarudi ndani ya gunia, ukachota konzi, ukaongeza.